Maneno chini ya kisanduku: kabla ya kugombana, tuulize kompte ni ya nani

Kuna ugomvi mpya umeingia mu manyumba zetu, toka Manika mpaka Dilala, toka Kapata mpaka Luilu. Hautoki kwenye pombe, hautoki kwenye mshahara uliochelewa. Unatoka kwenye kisanduku kidogo cha kutafutia maneno ndani ya telefone. Baba anatoka posti ya usiku, anafungua Google ili aone matokeo ya mpira. Anaandika herufi mbili tu, na chini yake yanatokea maneno ambayo yeye hakuandika ata siku moja: namna ya kujua kama una mimba, namna ya kuomba talaka, dawa ya ugonjwa fulani. Anaamsha bibi yake. Siku hiyo imekwisha kuharibika.

Mawazo yangu nayasema mapema, msomaji asingoje mpaka mwisho. Yale maneno si ushahidi wa kumhukumu mtu. Ni alama tu. Mara nyingine ni alama kwamba mlango wa kompte yako uko wazi kwa mwingine, ao kwamba wewe mwenyewe unaishi ndani ya kompte ya mwingine bila kujua. Njo maana, kabla ya kugombana na bibi, na bwana, ao na mtoto, tuulize swali moja: hii kompte ni ya nani, na funguo zake ziko kwa nani?

Maneno yanatoka wapi?

Google ilianza kujaribu kazi hii ya kukisia maneno mwaka 2004, na tangu 2008 iko kwenye ukurasa wake wa kwanza kwa kila mtu. Hakuna bulozi ndani. Mashine inaona herufi zako za kwanza, inakisia kile unataka kuandika. Inakisia hasa kwa kuangalia vitu vitatu.

Cha kwanza ni yale ambayo watu wengi wanatafuta wakati ule, katika lugha yako na upande unaoishi. Kama watu wengi wanatafuta bei ya kobalti ao mechi ya TP Mazembe, na wewe utaonyeshwa. Cha pili ni yale yaliyokwisha kutafutwa ndani ya telefone hiyo hiyo. Shemeji aliyekuomba telefone dakika tano anaweza kukurudishia na kuacha nyayo zake ndani. Cha tatu, na njo kikubwa, ni yale yaliyotafutwa kwa telefone yoyote iliyofunguliwa na kompte hiyo hiyo, ata kama telefone hiyo iko Likasi ao Lubumbashi.

Kuna alama ndogo ambayo wengi hawaiangalii. Kando ya kila neno linalotokea kuna picha ndogo. Kwa kawaida, picha ya saa inasema: neno hili limekwisha kutafutwa mbele, ndani ya telefone hii ao ndani ya kompte hii. Picha ya lupu, kile kioo cha kukuza vitu, inasema: haya ni makisio ya mashine tu. Mshale unaopanda unasema: jambo hili watu wengi wanalitafuta siku hizi. Kwa hiyo, kama ni lupu ao mshale, hakuna cha kumuuliza mtu wa nyumbani. Kama ni saa, hapo kuna swali la kuuliza. Lakini swali la kwanza liulizwe kompte, mtu afuate kiisha.

Na makisio ya mashine yanaweza kuwa bongo matupu. Kule Ujerumani, mwaka 2012, Bettina Wulff, ambaye bwana yake alikuwa ametoka kwenye kiti cha rais mwaka ule ule, alishitaki Google. Mtu akiandika jina lake, mashine ilimwonyesha maneno ya kumchafua. Maneno hayo yalitoka kwenye uvumi, hayakutoka kwenye matendo yake. Watu walisikia uvumi, wakautafuta. Mashine ikahesabu, ikauonyesha kwa wengine. Nao wakautafuta tena. Mwezi wa tano 2013, katika kesi ya mtu mwingine mwenye kampuni, mahakama ya juu ya Ujerumani ilisema kwamba Google ikijulishwa kuwa maneno ya namna hiyo yanavunja haki ya mtu, inapashwa kuyaondoa. Kama mashine iliweza kumsingizia bibi ya rais, itashindwa kumsingizia mama wa Kasulo ao wa Musonoi?

Kompte ya kijana wa butiki

Wengi wanashitaki wifi. Starlink ilikatazwa na ARPTC mwaka 2024, kiisha ikapewa ruhusa mwezi wa tano 2025, na tangu hapo mazungumzo juu ya wifi ya nyumbani yameongezeka. Wanasema: jirani anaingia mu wifi yetu, njo maana maneno yake yanatokea kwetu. Hapana. Jirani anayetumia wifi yako anakula mega zako, na inafaa umfungie. Lakini yale anayotafuta kwa telefone yake na kompte yake hayaingii kwenye historia yako. Historia inafuata kompte, haifuati hewa.

Basi tuangalie kompte zetu zinazaliwa namna gani. Mtu ananunua telefone, mpya ao iliyotumika. Hajui kuitengeneza, ao hana wakati, posti inamngoja. Kijana wa butiki anamsaidia: anafungua Gmail, anafungua Facebook, anatia WhatsApp. Kijana mwaminifu anatumia jina la muteja na anamuandikia neno la siri kwenye karatasi. Lakini mwingine, kwa kuenda mbio, anatia Gmail yake mwenyewe, ao Gmail moja aliyokwisha kuitia kwenye telefone za watu wengine. Muteja anaenda na furaha. Hajui kwamba amenunua nyumba na funguo zimebaki kwa muuzaji.

Kuanzia siku hiyo, yale anayotafuta huyu yanaweza kutokea kwa yule. Namba anazoandika zinaweza kuingia kwenye kitabu cha namba cha mwingine. Picha za mtoto wake, kama kuhifadhi picha kumewashwa, zinaenda kwenye ghala la mtu asiyemjua. Na siku akifuta telefone yote ili aanze upya, telefone ya Android inaweza kumuomba kompte ya kwanza na neno lake la siri. Kama hana, na kijana wa butiki amehama, telefone inageuka tofali.

Njia ya pili iko ndani ya nyumba zetu wenyewe. Baba ana Gmail moja. Alipomnunulia bibi telefone, akatia ile ile. Alipompa mtoto telefone ya zamani, ile ile ikabaki ndani. Telefone tatu, kompte moja. Kiisha anashangaa kuona maneno asiyoyajua. Mazungumzo yanakuwa hivi:

— We mama, hii maneno ni nani aliandika?

— Baba, mi siyue. Telefone si iko yako, unalala nayo?

— Asa ni nani? Ni bashetani?

— Uliza ule kijana alikufungulia telefone. Alitia Gmail yake, ao yako?

Mama huyu amejibu vizuri kupita wataalamu wengi. Lakini ni wangapi wanapewa nafasi ya kujibu?

Hasara si ya aibu tu

Tusiseme kwamba ni mambo madogo ya telefone. Mtu anatafuta ndani ya Google yale anayoogopa kusema kwa sauti. Mfanyakazi anayekohoa miezi miwili anatafuta habari ya mapafu na vumbi kabla ya kuenda kwa munganga. Binti anatafuta habari ya mwili wake kwa sababu anaona haya kumuuliza mama. Mama anatafuta namna ya kufungua biashara ndogo bila kuomba kila franga kwa bwana. Mwingine anatafuta kazi kwenye kampuni ya pili na hataki shefu wake ajue. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini yakitokea kwenye telefone ya mwingine, bila maelezo, yanageuka shitaka.

Na kuna hasara ya makuta. Ni kweli, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinakaa kwenye kadi ya telefone na kode yako, hazikai ndani ya Gmail. Lakini mwizi hana lazima ya kuvunja M-Pesa yako. Akiwa ndani ya Gmail yako anaweza kuona namba za ndugu zako. Anaweza kuona maneno ya siri ambayo telefone iliyahifadhi kwa niaba yako. Anaweza kuomba Facebook ibadilishe neno la siri, na barua ya kubadilisha inafika kwenye ile Gmail anayoisoma. Kiisha anaandika kwa jina lako: "Yaya, niko mu shida, nitumie kidogo, nitarudisha kesho." Ndugu wa Likasi anatuma, kwa sababu anaona picha yako. Hapo umeibiwa mara mbili: makuta ya ndugu yako na jina lako.

Kadena moja, mtu mmoja, ufunguo mmoja

Jambo linalonishangaza ni kwamba sisi watu wa migodi tunajua sheria hii kupita watu wote. Fundi, kabla ya kugusa mkanda unaobeba mawe ao pompi kubwa, anakata umeme na anafunga kadena yake. Anatundika jina lake. Kama mafundi ni watano, kadena ni tano. Kila kadena ina ufunguo wake, na ufunguo unakaa mfukoni mwa mwenyewe. Hakuna anayesema: "Tuweke kadena moja tu, sisi ni ndugu." Hakuna anayemwachia mpita njia ufunguo eti kwa sababu alimsaidia kufunga. Tunajua kwa nini: siku moja mashine itawashwa na mtu asiyejua kwamba wewe uko ndani.

Na mtu anayeshuka chini ya udongo anahesabiwa kabla ya kushuka, anahesabiwa tena akipanda. Mtu mmoja akikosekana, kazi haiendelei kama kawaida.

Kompte nayo ina kadena na ina hesabu. Kadena ni neno la siri. Hesabu ni ukurasa unaoonyesha telefone zote zilizo ndani. Ku kazi tunafuata sheria kwa sababu shefu wa usalama anaangalia. Ku nyumba hakuna shefu wa usalama, njo maana tunaacha mlango wazi.

Hesabu yenyewe inafanyika hivi, kwa telefone ambayo maneno yake ni ya Kifaransa. Fungua Gmail ao Google, gusa ile duara yenye picha yako ao herufi ya jina lako. Kwanza kabisa soma jina na anwani iliyoandikwa pale. Kama si jina lako, jibu umekwisha kulipata. Kama ni lako, gusa "Gérer votre compte Google", kiisha "Sécurité", kiisha tafuta mahali palipoandikwa "Vos appareils". Utaona kila telefone na kila ordinatere iliyo ndani, na siku ilipotumika. Mahali panakadiriwa tu. Kuona Lubumbashi ao Kinshasa wakati wewe uko Kolwezi peke yake si kitu cha kukushitua. Angalia aina ya telefone. Ile usiyoijua, iguse, chagua "Se déconnecter". Kiisha badilisha neno la siri mara moja, la sivyo umemtoa mwizi mlangoni na ufunguo bado uko mfukoni mwake. Maliza kwa kuwasha "Validation en deux étapes", na hakikisha namba ya telefone iliyoandikwa pale ni namba unayotumia leo. Namba uliyoiacha miaka mingi inaweza kupewa mtu mwingine.

WhatsApp ina hesabu yake pia: gusa nukta tatu, kiisha "Appareils connectés". Kama kuna mashine usiyoijua, itoe. Na ile kode ya tarakimu sita inayofika kwa mesaje, usimpe mtu, ata akisema yeye ni wakala, ni pasta, ao ni mtoto wa shangazi.

Kama kompte iliyo ndani ya telefone yako ni ya kijana wa butiki, usiifute kwa hasira. Fungua kwanza kompte yako mwenyewe. Hamisha namba na picha. Ndani ya WhatsApp, angalia kompte inayohifadhi mazungumzo yako, uibadilishe. Kiisha tu njo utoe ile ya zamani. Anayefuta haraka anaweza kupoteza namba za jamaa yote kwa siku moja.

"Lakini mi nataka kuchunga nyumba yangu"

Najua jibu la baba wengi. Wanasema: kompte moja inanisaidia kuona batoto wanatafuta nini, na bibi anafanya nini wakati niko ku kempu. Nawaheshimu, lakini siwakubali.

Kwanza, njia hiyo haioni vizuri. Inachanganya maneno ya watu watatu ndani ya mfuko mmoja, kiisha baba anatoa neno moja na kumshika mtu wa kwanza anayemfikiria. Huko si kuchunga, ni kupiga kura. Pili, inaona pande zote. Baba anayefikiri anasoma ya wengine, ya kwake pia yanasomwa na mtoto wa miaka kumi na mbili. Tatu, Katiba ya 18 Februari 2006, kipengele cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake. Haikuandika "kila mtu isipokuwa bibi."

Mtoto mdogo ni jambo lingine, anahitaji mwongozo. Lakini mwongozo unafanyika kwa kukaa naye, kwa kupanga saa za telefone, kwa kumwambia mapema kwamba utaangalia. Mtoto anayejua kwamba mzazi anaangalia waziwazi atakuja kuuliza. Mtoto anayepelelezwa atajifunza kufuta nyayo.

Na mama wengine wanasema: bwana akiwa na kompte yake peke yake, anaficha kitu. Mama, ule anayetaka kuficha hashindwi na kompte ya pamoja. Atanunua kadi ya pili. Uaminifu wa ndoa haujengwi na Gmail. Lakini jambo moja ni la haki: mtu wa mgodi anaweza kuondoka asubuhi asirudi, tunalijua wote. Familia isifungiwe nje ya picha, barua na karatasi zake. Basi andika neno lako la siri kwenye karatasi, lifunge ndani ya bahasha, liweke pamoja na karatasi za parseli. Bahasha iliyofungwa inafunguliwa siku ya haja. Ku kazi pia kadena ya mtu aliyekwisha kurudi nyumbani haivunjwi hovyo, kuna utaratibu.

Kila mtu na sehemu yake

Mzigo huu usiwekwe paka kwa familia. Vijana wa butiki, kazi yenu tunaiheshimu, bila ninyi wengi wetu tusingefungua WhatsApp. Lakini uzeni telefone pamoja na funguo zake: jina la muteja, neno la siri alilochagua mwenyewe, ninyi mkiwa mmegeuza macho. Nchi yetu ina sheria juu ya mambo haya, Code du numérique ya 13 Marsi 2023, na kuingia kwenye mashine ya mtu bila ruhusa ni kosa. Kijana anayetunza neno la siri la muteja anajitayarishia shida, ata kama hana nia mbaya. Siku makuta yakipotea, yeye njo atakuwa wa kwanza kuulizwa.

Kampuni nazo, kubwa na ndogo, zina mazungumzo ya usalama kila asubuhi: kofia, viatu, magari, kadena. Naziomba dakika kumi na tano, mara moja tu kwa miezi mitatu, juu ya telefone na kompte. Mfanyakazi aliyelala macho kwa ugomvi wa maneno ya Google anapanda gari kubwa la mgodi akiwa na kichwa kizito. Huyo pia ni hatari ya kazi. Na kwa wachimbaji wadogo, ambao hawana shefu wa usalama, koperative zinaweza kufanya mazungumzo hayo hayo siku wanapokutana.

Sisi wenyewe tuna kazi ya jioni moja. Kila mtu mu nyumba atoe telefone yake, aweke mezani, asome jina lililo kwenye ile duara. Asiye na kompte yake afunguliwe. Mashine isiyojulikana itolewe. Wifi ibadilishwe neno la siri, kwa sababu lile lililobandikwa chini ya modemu limekwisha kusomwa na kila mgeni. Kiisha kula chakula kwa amani.

Na kama kesho maneno yasiyojulikana yanatokea tena chini ya kisanduku, angalia picha iliyo kando yake, kiisha angalia hesabu ya mashine. Bibi, bwana na mtoto waulizwe wa mwisho, na waulizwe kwa sauti ya chini.